Rangi ya Kucha na Udhu: Tupime Vipi Ubora Wake?



Dada mmoja wa mwaka wa kwanza alivuka mpaka wa Busia Jumamosi, akarudi na kichupa cha rangi ya kucha. Muuzaji alimwambia, "Hii inapitisha maji, sali nayo tu." Kichupa kimeandikwa "halali". Jumatatu akatuuliza: je, udhu wangu ulitimia?

Dalili

Sura Al-Maida, aya ya 6, inatuamuru kuosha viungo vya udhu, na kucha zimo ndani yake. Katika Sahih Muslim, Umar bin Khattab (r.a.) anasimulia habari ya mtu aliyeacha sehemu kavu mguuni kiasi cha ukucha tu. Mtume (s.a.w.) alimwamuru arudi akatimize udhu wake. Basi ukucha si jambo dogo.

Ubora wa aina mbili

Rangi nyingi ni nitroselulosi iliyoyeyushwa katika ethili asetati na butili asetati. Vimiminika hivyo vikikauka, hubaki utando mgumu. Kwa mtengenezaji, rangi bora ni ile inayoshika sana na kustahimili maji. Kwa mwenye kutawadha, sifa hiyo hiyo ndiyo kasoro. Rangi ikisifiwa kuwa haitoki hata ukiosha vyombo, itilie shaka kwanza.

Neno "halali" huweza kuhusu viungo tu, yaani havina kilichoharamishwa. Halithibitishi kwamba maji yanapita. Vilevile "inapumua" maana yake hewa na mvuke hupita, kama rangi ya O2M ya kampuni ya Inglot ya Poland ilivyotangazwa. Mvuke kupita ni jambo moja, na maji kuufikia ukucha kwa muda wa kutawadha ni jingine.

Kipimo

Wengine hupaka rangi juu ya karatasi ya kuchujia kahawa, wakatia tone na kusugua. Karatasi ina vitundu, na kusugua husukuma maji. Fanya hivi:

1. Paka rangi mara mbili juu ya plastiki laini, iache ikauke kabisa.
2. Bandua utando wake polepole, uuweke juu ya tishu kavu.
3. Tia tone moja katikati. Usibonyeze.
4. Subiri kwa muda wa kuosha mkono, kisha tazama tishu.

Tishu ikibaki kavu, rangi hiyo inazuia maji.

Ukinunua

Iwe Busia, Malaba au Tororo mjini, tafuta orodha ya viungo, namba ya toleo, na alama ya KEBS au UNBS. Epuka yenye tolueni, fomaldehidi au dibutili fthalati.

Njia nyepesi

Paka siku za hedhi, uiondoe kwa asetoni kabla ya kuoga josho. Au tumia hina: huacha rangi bila utando. Lakini tahadhari na piko nyeusi. Nyingi hutiwa kemikali ya PPD, ambayo huweza kubabua ngozi.

Tulipopima kichupa cha dada yetu, tishu ilibaki kavu. Aliifuta rangi kabla ya Adhuhuri akatawadha upya. Kuhusu sala zilizopita, tulimwelekeza kwa shekhe, maana fatwa si kazi yetu wanafunzi. Wala tusimcheke aliyeuliza. Aliyeuliza ametufundisha sote.

Wabillahi tawfiq.