Kuwajulisha Watoto Wadogo Habari za Wachina kwa Njia ya Vitabu



Muhula unakwisha, na wengi wenu mtarudi nyumbani kuwakuta wadogo zenu wa miaka mitatu, minne, hata minane. Wadogo hao huwasikiliza ninyi kuliko wanavyotusikiliza sisi walimu. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa niwape somo la kwenda nalo likizoni, yaani jinsi ya kumjulisha mtoto mdogo watu wa taifa lingine kwa njia ya vitabu. Mfano nilioutwaa ni Wachina.

Kwa nini Wachina? Kwanza, ni watu wengi mno, wapata 1,400,000,000, na ustaarabu wao ni wa zamani sana. Pili, wana mambo yao kwetu tangu kale. Vipande vya sahani na bakuli za Kichina vimeokotwa katika magofu ya Kilwa na Gedi. Neno letu chai asili yake ni Kichina, nalo lilitufikia kwa kupitia Uajemi na Bara Hindi. Reli ya Tazara, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia tangu mwaka 1970 mpaka 1975. Hata leo mtoto huwaona Wachina barabarani na madukani.

Lakini mtoto huyo anajua nini juu yao? Nimewasikia watoto wa darasa la kwanza wakimfuata Mchina mpita njia na kumpigia sauti za kuchekesha, eti ndiyo lugha yake. Watoto wale si wabaya. Hawajui lo lote juu ya mtu yule ila sura yake. Na mtu usiyemjua ila kwa sura ni rahisi kumcheka, na ukisha kuzoea kumcheka ni rahisi kumdhulumu. Samaki mkunje angali mbichi.

Neno langu kubwa ni hili: mtoto mdogo halijui taifa kwa kuhesabiwa mito na milima yake. Hulijua kwa kukutana na mtoto mmoja wa taifa hilo, mwenye jina, mwenye mama, mwenye njaa na utundu kama yeye. Kitabu chaweza kuwakutanisha, ikiwa kimechaguliwa vema.

1. Jinsi ya kuchagua

Tazameni mambo matatu kabla ya kumsomea mtoto.

(a) Nyuso. Je, kila mtu katika picha ana uso wake? Mwaka 1938 kilitolewa kitabu Marekani juu ya ndugu watano wa Kichina. Kilipendwa sana, lakini baadaye wengi walikilaumu, kwa kuwa watu wake wamechorwa wote namna moja, wenye rangi ya manjano na macho kama mstari. Mtoto akitazama picha hizo hujifunza kwamba Wachina hawana tofauti.

(b) Ukweli. Kitabu kingine cha Marekani cha mwaka 1968 chasimulia kwamba zamani Wachina walimpa mtoto wa kwanza jina refu la ajabu. Desturi hiyo haikuwako China, na hadithi yenyewe yafanana na moja ya Japani. Majina ya Wachina kwa kawaida ni mafupi, na jina la ukoo hutangulia.

(c) Siku za leo. Hadithi za wafalme na majoka ni nzuri, lakini mtoto akisomewa hizo tu atadhani Wachina wote huvaa hariri na kukaa katika majumba ya kifalme. Sharti kiwepo na kitabu cha maisha ya sasa.

2. Kitabu cha kuanzia

Mimi huanza na kitabu cha Bibi Yu Liqiong, chenye picha za Bwana Zhu Chengliang, kilichotoka China mwaka 2008 na kugeuzwa Kiingereza baadaye. Chahusu mtoto wa kike aitwaye Maomao. Baba yake hujenga nyumba mbali, naye hurudi mara moja tu kwa mwaka, wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina. Afikapo, mtoto humwogopa kama mgeni. Kisha baba huficha sarafu katika tonge moja la unga wa mchele, na atakayeipata huhesabiwa kuwa na bahati. Maomao anaipata, anaitunza, anadhani ameipoteza katika theluji, analia, na mwisho anaiona tena. Baba anapoondoka, mtoto anampa sarafu ile.

Je, hadithi hii ni ngeni kwetu? Ni watoto wangapi ambao baba zao wako machimboni, mashambani au mijini, nao huwaona wakati wa sikukuu tu? Kila nisomapo kitabu hiki, watoto hawaniulizi China iko wapi. Huuliza: "Baba yake atarudi lini?" Hapo ndipo somo limeingia.

Wakiuliza juu ya sikukuu yenyewe, waelezeni kwamba Mwaka Mpya huo hufuata mwezi kama Idi, lakini hauzunguki mwaka mzima, kwa sababu Wachina huongeza mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili au mitatu. Basi huwa kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari.

3. Hadithi za kale

Baada ya Maomao, someni hadithi za zamani. Iko ya Ye Xian, msichana aliyeteswa na mama wa kambo. Rafiki yake alikuwa samaki, ambaye mama yule alimwua na kumla. Mifupa ya samaki ilimpa msichana mavazi mazuri, na kiatu chake cha dhahabu kilichopotea ndicho kilichomfanya aolewe na mfalme. Bwana Duan Chengshi aliiandika wapata mwaka 850. Hadithi ya namna hiyo ijulikanayo sana Ulaya, ya Mfaransa Perrault, ilitolewa mwaka 1697, yaani zaidi ya miaka 800 baadaye.

Iko pia ya Mfalme Nyani, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1592. Nyani huyo ni mjanja na mwenye kiburi, naye amfuata mtawa aendaye Bara Hindi kutafuta vitabu vya dini. Mtawa huyo, Xuanzang, alikuwako kweli, na safari yake ilikuwa kati ya mwaka 629 na 645. Mtoto aliyekwisha kumpenda Sungura wetu hatashindwa kumpenda Nyani.

Hadithi ya Ma Liang na kalamu yake ya ajabu si ya kale sana, kwani Bwana Hong Xuntao aliitoa mwaka 1955. Ma Liang ni mtoto maskini, na kila achoracho hugeuka kuwa kitu cha kweli. Huwachorea maskini vyombo vya kazi, lakini wakubwa wenye tamaa hawapati kwake walichokitaka.

4. Majina ya jamaa

Vitabu vingi vya namna hii tunavipata kwa Kiingereza, kwa hiyo msomaji hana budi kugeuza Kiswahili papo hapo. Hapa tuna bahati. Kiingereza kina neno moja tu kwa baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, lakini Kichina huwatenga kama sisi: baba mkubwa ni bobo, baba mdogo ni shushu, mjomba ni jiujiu, na shangazi ni gugu. Kaka ni gege, na mdogo wa kiume ni didi. Basi mkiona neno la Kiingereza, ulizeni ni jamaa wa upande gani, mkatumie neno letu lililo sahihi.

Babu mzaa baba huitwa yeye. Watoto watacheka sana wasikiapo kwamba "yeye ni yeye". Waacheni wacheke, kwani kicheko hicho hakimdharau mtu.

5. Maandishi

Watoto hupenda kuchora, basi wapeni karatasi na mkaa. Waonyesheni alama ya mti: mstari mmoja wa kusimama, mwingine wa kulala unaoukata, na miwili inayoshuka kulia na kushoto. Miti miwili kando kando ni mwitu, na miti mitatu ni msitu mnene. Alama ya mtu ni mistari miwili kama miguu ya mtu atembeaye. Mtu akiwekwa kando ya mti, maana yake ni kupumzika. Kila mtoto aliyepumzika chini ya mwembe anaielewa alama hiyo, wala haoni tena kwamba maandishi ya Kichina ni mikwaruzo ya kuku.

6. Jinsi ya kusoma

Someni polepole, kitabu kikiwaelekea watoto. Msihutubie. Mwisho ulizeni swali moja: "Wewe ungefanyaje?" Tena jihadharini na maneno "Wachina wote". Nchi ile ina makabila 56 yatambuliwayo na serikali. Watu wa kaskazini wamezoea zaidi vyakula vya ngano, na wa kusini wali. Semeni "Maomao hula hivi," wala msiseme "Wachina hula hivi."

Wazazi nao nawaomba wasaidie. Mtoto akirudi na sauti za kumwiga mgeni, kumkemea peke yake hakutoshi. Akae karibu, asomewe juu ya Maomao.

Kazi ya likizo

1. Msomee mdogo wako hadithi moja ya Kichina, au umsimulie kama huna kitabu.
2. Andika maswali yote atakayouliza, bila kuyasahihisha.
3. Chagua kitabu kimoja chenye picha za watu wa taifa lo lote la kigeni, ukipime kwa mambo matatu niliyoyataja.
4. Je, kitabu cha namna ya kile cha Maomao kingeandikwa juu ya mtoto wa kwetu, ili mtoto wa China akisome, kingesimulia nini? Andika ukurasa mmoja.

Nitazipokea kazi zenu wiki ya kwanza ya muhula ujao. Zile za swali la nne zilizo nzuri tutazichapa katika gazeti hili.