Dondoo muhimu: Plaizi, panga na tupa

Anza na plaizi. Kazi yake si kukata waya tu: inang'oa mwiba wa mgunga uliozama kwenye soli ya katambuga, inashika sufuria ya moto, inakaza nati ya baiskeli. Tone la mafuta kwenye kiungo, isigande.

Masika, udongo mwekundu wa Karatu ukiganda kwenye matairi, ukwangue kwa mgongo wa panga, si kwa makali. Ubapa wake huponda hata kitunguu saumu (lioshe kwanza, tafadhali). Ukiingia Ngorongoro liache garini. Hifadhini si mahali pa kukata miti.

Ila kipenzi changu ni tupa bapa. Moja inanoa panga, jembe na shoka. Isukume mbele, kisha inyanyue. Ukiirudisha huku inakwaruza, unaua meno yake. Ikijaa unga wa chuma, isugue kwa brashi ya waya.

Chuma chakavu usitupe. Kando ya Ziwa Eyasi, wahunzi wa Kidatoga huvuvia moto kwa mivukuto ya ngozi, wakageuza misumari mikuukuu kuwa vyembe vya mishale ya Wahadzabe, na kufuli za shaba kuwa bangili.