Usisubiri Uchungu: Huduma za Mama na Mtoto kwa Familia za Lipingo

Kijitabu hiki ni cha wajawazito, waume zao, mama wakwe na walezi wa watoto wa chini ya miaka 5 katika kata ya Lipingo na vijiji jirani vya mwambao wa Ziwa Nyasa. Mvua ikinyesha barabara huteleza, na ziwa likichafuka mtumbwi hauondoki. Kwa hiyo maandalizi ya uzazi yaanze mapema, kila mtu akiwa mzima.

1. Anza kliniki kabla ya wiki 12

Wapo wanaoficha mimba changa hadi tumbo lionekane. Wakati huo upungufu wa damu, kaswende au VVU huenda vimeshaanza kumdhuru mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua 8. Nenda na mwenza wako, mpimwe pamoja.

Kliniki hutoa:
- vipimo vya damu, mkojo, shinikizo la damu na malaria;
- vidonge vya kuongeza damu;
- chandarua chenye dawa;
- SP ya kuzuia malaria, baada ya miezi 3 ya kwanza, kwa nafasi ya angalau wiki 4. Anayetumia Septrin amwambie muuguzi, kwani hatakiwi kumeza SP.

Nyumbani, ugali wa muhogo pekee haumtoshi mjamzito. Ale pia usipa, maharage, kisamvu na matunda.

2. Amua mapema utakapojifungulia

Zahanati humhudumia mama asiye na tatizo. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji, mwenye mapacha au aliyewahi kutokwa damu nyingi ajifungulie mahali penye upasuaji na damu ya kuongezewa. Muuguzi atamwelekeza hospitali inayofaa, kama ni Liuli, Mbamba Bay au kwingine. Kama una ndugu karibu na hospitali hiyo, hamia kwake wiki chache kabla ya tarehe ya kujifungua. Wekeni akiba ya nauli, na mkubaliane nani atabaki na watoto.

3. Dalili za hatari

Nenda kituoni mara moja ukiona:
- kutokwa damu ukeni;
- kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba;
- degedege au homa kali;
- chupa kupasuka kabla ya uchungu;
- mtoto kupunguza au kuacha kucheza tumboni.

Piga 115 bure. Hii ni namba ya mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Waratibu hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii, na familia haidaiwi nauli. Mume akiwa ziwani anavua, mtu yeyote nyumbani apige. Ruhusa isisubiriwe.

4. Baada ya kujifungua

Kaa kituoni angalau saa 24, maana vifo vingi vya kutokwa damu hutokea katika saa hizo. Mnyonyeshe mtoto ndani ya saa ya kwanza, kisha maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, bila maji wala uji. Rudi kupimwa ndani ya wiki ya kwanza na uendelee hadi siku ya 42.

5. Ratiba ya mtoto

- Anapozaliwa: kifua kikuu, matone ya polio.
- Wiki ya 6, 10 na 14: polio, nimonia, na chanjo moja inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na homa ya uti wa mgongo. Chanjo ya kuhara huanza wiki ya 6.
- Miezi 9 na 18: surua na rubela.
- Kuanzia miezi 6: matone ya vitamini A kila miezi 6.
- Kuanzia mwaka 1: dawa ya minyoo kila miezi 6.

Mtoto apimwe uzito kila mwezi. Aliyepitwa na chanjo apelekwe hata leo. Muuguzi atampangia tarehe mpya.

Haki yako

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 wahudumiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Ukidaiwa fedha, mweleze mganga mfawidhi au kamati ya afya ya kijiji.

Mama, tunza kadi yako ya kliniki na uende nayo kila safari. Baba, andika namba 115 ukutani leo.