SOMO LA WIKI: Mtaji wa ubia hauna riba, lakini una bei yake

MFANYABIASHARA anayetafuta fedha za kukuza kampuni changa huambiwa mara nyingi kuwa mtaji wa ubia ni bora kuliko mkopo wa benki, kwa vile hauna riba wala hauhitaji hati ya nyumba. Maneno hayo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Mtoaji wa fedha hizo hulipwa kwa hisa, na hisa hizo lazima siku moja aziuze.

Mifuko ya mtaji wa ubia nayo hutumia fedha za watu wengine, na kwa kawaida hutakiwa kuzirejesha katika muda wa miaka 10 hivi. Meneja wa mfuko anajua kuwa kampuni nyingi atakazochagua zitakufa au kudumaa, hivyo hutegemea chache zifidie hasara yote. Kampuni ya ARD ya Marekani iliweka dola 70,000 katika kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment mwaka 1957. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hisa hizo zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 350. Biashara inayokua kwa asilimia 15 kwa mwaka inamlisha mwenyewe vizuri, lakini haimfai meneja huyo.

Hesabu yenyewe

Chukua mfano wa mwanamke anayemiliki kampuni yake kwa asilimia 100. Mwekezaji wa kwanza anaweka Sh. milioni 200, wa pili Sh. milioni 600 na wa tatu Sh. bilioni 1.8, na kila mmoja anapewa robo ya kampuni kwa awamu yake. Mwanzilishi anashuka hadi asilimia 75, kisha 56, kisha 42. Hana tena wingi wa kura.

Aidha, mikataba mingi humpa mwekezaji haki ya kurudishiwa fedha zake kwanza kampuni inapouzwa. Kampuni hiyo ikiuzwa kwa Sh. bilioni 2.6, ambazo ndizo jumla ya fedha zilizowekwa, wawekezaji huchukua zote. Asilimia 42 ya mwanzilishi, ambayo kwenye karatasi ni zaidi ya Sh. bilioni 1, inakuwa sifuri.

Upande wa wanawake

Kwa wanawake kuna gharama nyingine, nayo ni muda. Nchini Marekani, kampuni zilizoanzishwa na wanawake peke yao zimekuwa zikipata karibu asilimia 2 tu ya fedha za mtaji wa ubia kwa mwaka. Utafiti wa Dana Kanze na wenzake, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa wawekezaji waliwauliza wanaume zaidi kuhusu faida watakayopata, na wanawake zaidi kuhusu hasara watakayoepuka. Waliojibu swali la hasara kwa kueleza ukuaji wa soko walipata fedha nyingi kuliko waliobaki kujitetea.

Wapo waliofanikiwa kwa njia zote mbili. Sara Blakely alianzisha Spanx mwaka 2000 kwa akiba yake ya dola 5,000, akakuza nguo zake za ndani kwa faida ya mauzo bila mwekezaji wa nje. Mwaka 2021 aliuza hisa nyingi kwa Blackstone, kampuni ikithaminiwa dola bilioni 1.2. Katrina Lake, aliyeanzisha Stitch Fix mwaka 2011, alihitaji kujaza maghala ya nguo kabla ya kuuza, akachukua mtaji wa ubia. Kampuni iliingia soko la Nasdaq Novemba 2017, yeye akiwa na chini ya asilimia 20 ya hisa.

Maswali matatu

Kabla ya kubisha hodi kwa wawekezaji, mwenye kampuni ajiulize: Je, soko linaruhusu biashara kukua mara kumi au zaidi katika miaka michache? Je, bila fedha nyingi kwa mpigo biashara haiwezi kusonga? Je, yuko tayari kuona kampuni ikiuzwa, hata kama bodi ndiyo itakayoamua siku?

Majibu yote yakiwa ndiyo, atafute mwanasheria wa kusoma mkataba. Likipatikana hapana moja, akiba, faida ya mauzo, mkopo wa chama cha akiba na mikopo, au malipo ya awali ya wateja huenda yakamfikisha mbali zaidi, na kampuni ikabaki yake.