Mtoto Aliyefanyiwa Upasuaji wa Moyo Asiache Kliniki

Upasuaji wa moyo ukifaulu, mtoto huanza kucheza, hula vizuri na midomo yake haibadiliki tena kuwa ya samawati. Ni rahisi mzazi kudhani kazi imekwisha. Hata hivyo, moyo uliorekebishwa unahitaji kuchunguzwa maisha yote.

Mfano mzuri ni ugonjwa uitwao tetralojia ya Fallot, ambapo mtoto huzaliwa na kasoro nne za moyo kwa pamoja. Daktari huziba tundu lililo kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, kisha hupanua njia nyembamba inayopeleka damu mapafuni. Mara nyingi upanuzi huo huacha vali ya njia hiyo ikivuja. Damu inayorudi nyuma hutanua chumba cha kulia polepole, kwa miaka mingi, bila maumivu yoyote.

Picha huonyesha nini?

Kipimo cha eko hutumia mawimbi ya sauti na hakina mionzi. Huonyesha jinsi vali inavyovuja na moyo unavyosukuma damu. MRI hupima ukubwa wa chumba cha kulia kwa usahihi zaidi. Kikikaribia mililita 160 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, madaktari huanza kufikiria kuweka vali mpya, kwani chumba kilichotanuka kupita kiasi huenda kisirudi hali yake hata vali ikibadilishwa.

Picha pia husaidia kutabiri hatari ya baadaye. Nguvu ya moyo kusukuma damu ikipungua, au misuli ya chumba cha kulia ikiwa minene, uwezekano wa mapigo hatari ya moyo na kifo cha mapema huongezeka.

Mzazi afanye nini?

• Ahifadhi ripoti zote, ikiwemo ya upasuaji. Daktari hulinganisha picha za miaka tofauti.
• Asikose tarehe ya kliniki hata mtoto akiwa buheri wa afya.
• Mtoto akifikisha miaka 18, aombe barua ya kumhamishia kliniki ya moyo ya watu wazima.
• Msichana aliyefanyiwa upasuaji huu amwone daktari wa moyo kabla ya kupata ujauzito.

Mgonjwa akizirai, akiishiwa pumzi, akivimba miguu au moyo ukienda mbio bila sababu, apelekwe hospitalini mara moja bila kungoja tarehe ya kliniki.