Kabla kamati haijanunua kompyuta

Kamati nyingi za misikiti na madrasa mijini huchangisha fedha za kununua kompyuta. Ni jambo jema. Lakini fedha hizo ni amana ya waumini, na kompyuta yenyewe itabeba amana nyingine: majina ya wanafunzi, hesabu za michango, nakala za hati za viwanja vya wakfu. Mimi ni mwalimu wa elimu ya dini, si fundi. Hata hivyo, yapo mambo manne ambayo naona kila mjumbe wa kamati anapaswa kuyafahamu.

Kwanza, kumbukumbu. Muuzaji akikwambia kompyuta ina "memori ya GB 500", muulize: memori ipi? Maana zipo mbili. Moja ni ramu, ambayo ni kama ubao wa darasani: kinachofanyiwa kazi sasa huandikwa hapo, na kipindi kikiisha hufutwa. Umeme ukikatika, kilichokuwa kwenye ramu hupotea. Ya pili ni diski, nayo ni kama kabati la madaftari: kilichowekwa humo hubaki hata mashine ikizimwa. Aghalabu hiyo GB 500 ni ya diski, na ramu yaweza kuwa GB 4 tu. Ramu ikiwa ndogo kompyuta huwa nzito, hata diski iwe kubwa namna gani. Basi ulizeni namba mbili, si moja. Aidha, katibu azoee kuhifadhi kazi yake kila baada ya dakika chache, kwani umeme hukatika bila kupiga hodi.

Pili, vipimo. Kompyuta haijui herufi, inajua 0 na 1. Kila moja ya tarakimu hizo ni biti, na biti 8 hufanya baiti 1. Herufi A huandikwa 01000001, yaani baiti 1. Alif ya Kiarabu, katika mfumo wa UTF-8 unaotumika sana, huchukua baiti 2. Gigabaiti 1 ni kama baiti bilioni 1. Piga hesabu: ukurasa wenye herufi 2,000 ni baiti 2,000, hivyo GB 1 yaweza kubeba kurasa kama 500,000 za maandishi matupu. Daftari zote za madrasa zinaenea kwenye flashi moja ndogo.

Nasema haya kwa sababu nimeshuhudia madrasa moja ikipoteza orodha ya wanafunzi na hesabu za ada za miaka mitatu, diski ilipokufa. Hapakuwa na nakala. Wazazi waliokwisha kulipa wakadaiwa upya, na watu wema wakaanza kutuhumiana. Diski yoyote hufa siku moja, mpya hata kuukuu.

Tatu, programu. Hizi ni amri zinazoiambia mashine la kufanya, hatua kwa hatua. Mpangilio wa hatua hizo huitwa algorithimu, neno lililotokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa hesabu aliyeishi Baghdad katika karne ya 9. Tatizo ni kwamba wengi hutumia programu za wizi. Hiyo ni haki ya mtu, na mara nyingi nakala hizo huja na virusi. Umasikini si kisingizio, kwani zipo programu za bure kihalali: Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu, iliyoanza mwaka 2010.

Nne, intaneti. Wengi hudhani iko hewani. La, sehemu kubwa hupita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Waya wa SEACOM ulifika pwani yetu mwaka 2009 na ule wa EASSy mwaka 2010. Mei 12, 2024 nyaya zote mbili zilipata hitilafu na huduma ikazorota Tanzania na nchi jirani. Kwa hiyo ukiambiwa "faili ziko kwenye intaneti", fahamu kuwa ziko ndani ya kompyuta ya watu wengine, mahali pengine. Njia ikikatika huzifikii. Na kama nywila anayo katibu peke yake, siku akihama mtaa amehama na ofisi.

Ushauri wangu ni mwepesi. Kila mwezi kamati itoe nakala tatu: moja ibaki kwenye kompyuta, moja iwekwe kwenye flashi inayotunzwa nyumba nyingine, na moja ichapwe kwenye karatasi, isainiwe na mwenyekiti na mtunza hazina. Nywila ijulikane na watu wawili waaminifu. Kazi yote haizidi saa moja, nayo huwaepusha watu na dhana mbaya.

Wabillahi tawfiq.