Kupima Ushirikiano Kazini: Mwongozo kwa Wakuu wa Idara za Hospitali

Ushirikiano haupimwi kwa dodoso peke yake. Muuguzi akiulizwa mbele ya mkuu wake kama idara inaelewana, atajibu hakuna shida. Anzia pale kazi inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Chagua mgonjwa mmoja ufuatilie njia yake. Daktari aliagiza kipimo saa ngapi? Nani alichukua sampuli? Majibu yalitoka lini, na yalimfikia lini daktari? Mara nyingi kipimo chenyewe hakichukui muda; karatasi ndiyo inayolala kwenye dirisha la maabara, maabara ikidhani wodi itaifuata, wodi ikidhani italetwa. Usimtafute wa kulaumiwa. Kaeni pamoja muandike nani anaifuata, na kabla ya saa ngapi.

Zamu zinapokabidhiana, simama kando ya kitanda usikilize. “Wote wanaendelea vizuri” si makabidhiano. Anayepokea arudie kwa maneno yake: mgonjwa yupi aangaliwe kwa karibu, dawa ipi haijatolewa, majibu gani yanasubiriwa.

Thieta ina kipimo chake. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008, ina vipengele 19, na kimojawapo huwataka wote waliomo kutaja majina na kazi zao kabla mgonjwa hajapasuliwa. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania. Kwa hospitali zote kwa pamoja, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009. Basi usikague tu kama orodha imejazwa, kagua imejazwa saa ngapi. Iliyojazwa mgonjwa akiwa ameshatoka haimsaidii mtu, ila jalada.

Jihadhari pia na hesabu za makosa. Mwaka 1996, mtafiti wa Marekani Amy Edmondson alionyesha kwamba wodi zenye uongozi ulio wazi ziliripoti makosa mengi zaidi ya dawa, kwa kuwa wauguzi wake hawakuogopa kusema. Idara isiyoripoti kosa hata moja mwaka mzima ichunguzwe kabla ya kupewa cheti.

Rudia upimaji baada ya miezi mitatu kwa njia ileile, na matokeo yabandikwe mahali wote wanapoyaona, wakiwemo wahudumu wa wodi na wafanyakazi wa usafi.